Bakteria rafiki huongeza kinga ya mwili? Jibu linaanzia Kuluva, Uganda

Katika maduka ya dawa ya miji mingi ya Afrika Mashariki, Arua ikiwa mmoja wao, vidonge na unga wenye bakteria hai huuzwa kwa ahadi fupi inayovutia: kuongeza kinga ya mwili. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umepindishwa mara mbili.

Kwanza, kinachoigusa kinga kwa kiasi kikubwa ni vitu ambavyo bakteria hao huvitengeneza wanapokula, navyo hutegemea wamelishwa nini. Pili, kazi inayofahamika zaidi ya vitu hivyo ni kuituliza kinga ili isiushambulie mwili wenyewe. Neno 'kuongeza' halielezi jambo hilo hata kidogo.

Tofauti hii ina uzito kwa mtu anayeishi na VVU ambaye ameambiwa kwamba mtindi utapandisha idadi ya seli zake za CD4. Ina uzito pia kwa mzazi anayetoa fedha za chakula cha wiki nzima kununua kopo dogo la vidonge. Na kwa wakazi wa kaskazini-magharibi mwa Uganda ina historia ya karibu sana, kwa kuwa moja ya njia zilizowafikisha wanasayansi kwenye maarifa haya ilipita katika hospitali ya kijijini kwao.

Kuluva na gari la mwaka 1961

Hospitali ya Kuluva iko kusini kidogo mwa Arua. Ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, na kwa miaka mingi ilihudumiwa na ndugu wawili waliokuwa madaktari, Ted Williams na Peter Williams. Eneo lenyewe lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu vya tiba. Kirusi kijulikanacho duniani kote kwa jina la West Nile kiligunduliwa mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya hiyo aliyekuwa na homa.

Tarehe 7 Oktoba 1961, Ted Williams aliondoka Kampala kwa gari pamoja na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, na tabibu mwingine mmisionari, Cliff Nelson. Burkitt alikuwa akitafuta mipaka ya saratani ya watoto aliyoanza kuichunguza mwaka 1957, ile inayovimbisha taya na ambayo leo ina jina lake. Walisafiri kwa wiki kama kumi, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita katika hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali waliuliza swali lile lile: je, mmewahi kuuona ugonjwa huu?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, saratani hiyo ilionekana kufuata joto na mvua, na kutoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana mno na ile ya malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London waligundua ndani ya uvimbe huo kirusi cha Epstein-Barr. Katika miaka ya 1970 damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilichukuliwa ili kuthibitisha uhusiano huo. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba malaria inayojirudia huivuruga kinga ya mtoto, na kirusi ambacho kwa kawaida hudhibitiwa hupata mwanya.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini hakuiacha mbinu yake ya kuuliza hospitali za vijijini na kuchora ramani. Safari hii aliuliza kuhusu magonjwa ambayo hayakuwepo. Kwa nini saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, maradhi yaliyojaa katika wodi za Uingereza, yalikuwa nadra mno vijijini Afrika?

Mwaka 1972, akiwa na Alec Walker na Neil Painter, alichapisha katika jarida la Lancet utafiti ambao huenda ukamfanya msomaji atabasamu. Watu walimezeshwa chembe ndogo zinazoonekana kwenye picha ya eksirei, kisha choo chao kikakusanywa na kupimwa uzito. Wanakijiji wa Uganda walitoa kwa wastani takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilichukua kama saa 36 kupita mwilini. Kwa mabaharia wa jeshi la wanamaji la Uingereza na wake zao, uzito ulikuwa kama gramu 100 tu, na muda ulizidi saa 80.

Burkitt aliamini kwamba siri ilikuwa nyuzinyuzi za chakula: maganda ya nafaka, kunde, mboga za majani, mizizi. Kwake zilikuwa kama fagio, zilizopitisha uchafu haraka kabla haujadhuru. Wenzake wengi walimcheka kwa kupenda mno kuzungumzia choo. Mlo aliousifu ulikuwa mlo wa kila siku wa watu wa Arua na Koboko, wa ulezi, mtama, mihogo, kunde na ufuta, na wao hawakuhitaji daktari wa kuwashawishi.

Fagio lililogeuka kuwa kiwanda

Mengi katika hoja ya Burkitt yamesimama hadi leo, lakini picha ya fagio haikutosha. Nyuzinyuzi hazipiti tumboni bila kuguswa. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuzivunja, kwa hiyo hufika katika utumbo mpana zikiwa karibu nzima. Huko hukutana na matrilioni ya bakteria wanaoishi mahali pasipo na oksijeni, nao huzichachusha kama chachu inavyouchachusha uji wa ulezi ndani ya chungu.

Uchachushaji huo huzalisha asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Zilizo nyingi zaidi ni tatu: asetati, ambayo ndiyo asidi ya siki, propionati, na butirati, iliyopata jina lake kutokana na siagi. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutokana na butirati. Zikiikosa, ukuta hudhoofika, na vitu vilivyopaswa kubaki ndani ya utumbo huanza kupenya.

Hapo ndipo kinga inapoingia. Nyuma ya ukuta huo, ambao ni safu moja tu ya seli, kuna kundi kubwa sana la seli za kinga. Zinakaa umbali wa sehemu ndogo tu ya milimita kutoka kwenye umati wa bakteria, na zina kazi ngumu kuliko ya askari wa mpakani: kumtambua adui anapopita, na wakati huo huo kuvumilia chakula na mamilioni ya wageni wasio na madhara. Zikikosea kwa kuzembea, mtu hupata maambukizi. Zikikosea kwa ukali, huzua mchochota, yaani ile hali ya tishu kupata moto, kuwa nyekundu na kuvimba. Mchochota wa siku chache huponya kidonda. Ukidumu kwa miaka bila sababu, huandamana na kisukari, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Mwaka 2013 makundi matatu ya watafiti, nchini Marekani na Japani, yalichapisha karibu kwa pamoja matokeo yaliyofanana. Panya waliopewa asidi hizi waliongeza seli za kinga za aina maalumu katika utumbo, ziitwazo seli T za udhibiti. Kazi ya seli hizo ni kuziamuru seli nyingine ziache kushambulia.

Butirati hufanya hivyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kugusa vipokezi vilivyo juu ya seli, mithili ya mgeni abishaye hodi. Ya pili ni ya ndani zaidi: huingia ndani ya seli na kuzuia vimeng'enya vinavyokaza ufungaji wa jeni, na hivyo jeni zilizokuwa zimefungwa, ikiwemo ile inayoitengeneza seli ya udhibiti, hupata nafasi ya kusomwa. Kwa maneno mengine, mabaki ya mlo wa jana huchangia kuamua ni kurasa zipi za maelekezo ya seli zisomwe leo.

Hapa mfasiri wa habari za afya hukwama. Kiswahili kina neno zuri, kinga, lenye asili ya kuzuia na kuhifadhi, lakini matangazo yamelizoesha vitenzi viwili tu: kuongeza na kuimarisha. Pumu, mzio na ugonjwa wa baridi yabisi ni mifano ya kinga iliyozidi ukali, na hakuna mgonjwa wa pumu anayehitaji kuongezewa ukali huo. Kitenzi kinachoyafaa matokeo ya utafiti ni kurekebisha, au pengine kulea.

Ndugu wawili, matokeo tofauti

Neno probiotiki lilipewa maana rasmi mwaka 2001 na wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO: vijiumbe hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea faida za kiafya anayevipokea. Maneno 'kiasi cha kutosha' na 'faida' ndiyo yanayosahauliwa zaidi madukani.

Jaribio moja la Japani lililochapishwa mwaka 2011 linaeleza kwa nini jina la bakteria kwenye kopo halitoshi. Panya waliambukizwa bakteria hatari aina ya E. coli O157. Baadhi walikuwa wamepewa kwanza bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, jamii ambayo hutangazwa sana kama rafiki. Waliopewa aina moja ya jamii hiyo walinusurika. Waliopewa aina nyingine, ndugu wa karibu kabisa, walikufa. Watafiti walipochunguza waligundua kwamba aina ya kwanza ina uwezo wa kuingiza sukari fulani na kuigeuza kuwa asetati nyingi hata katika sehemu ya mwisho ya utumbo, na asetati hiyo iliuimarisha ukuta usipitishe sumu. Ndugu yake hana uwezo huo.

Asidi si bidhaa pekee. Bakteria mwingine maarufu, Lactobacillus rhamnosus GG, hutoa protini mbili ambazo watafiti wa Marekani waliziita p40 na p75. Waliikuza bakteria kwenye maji ya lishe, wakawaondoa bakteria wenyewe, kisha wakayachukua maji yaliyobaki. Protini zilizokuwamo zilizilinda seli za ukuta wa utumbo zisife zinapokutana na kemikali za mchochota. Bakteria wengine huchukua triptofani, kiungo cha protini kinachopatikana kwa wingi katika ufuta, maharage na maziwa, na kukigeuza kuwa kemikali ambazo kipokezi fulani cha seli za kinga huzitambua. Kwa panya, ishara hiyo huufanya ukuta wa utumbo utoe dawa zake wenyewe za kuua vijidudu.

Matokeo kama haya yamezaa neno jipya, postibiotiki. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi lililipa maana ya bidhaa ya vijiumbe vilivyokwisha kufa, au sehemu zake, yenye faida kwa afya. Kwa nchi ambako umeme hukatika na jokofu ni la wachache, wazo la dawa isiyohitaji kubaki hai lina mvuto wa wazi. Hata hivyo sehemu kubwa ya ushahidi uliotajwa hapo juu ni wa panya na wa maabara, na safari kutoka kwa panya hadi kwa binadamu huwa na vikwazo vingi. Mwanza inaufahamu ukweli huo vizuri.

Mtindi wa Mwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Western cha Canada kilianza kushirikiana na wanawake wa Mabatini, jijini Mwanza, kutengeneza mtindi wenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Mtindi huo uliitwa Fiti. Jiko lilikuwa dogo, wateja walikuwa majirani, na sehemu ya mtindi iligawiwa kwa watu wanaoishi na VVU, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijawafikia wengi.

Hoja ya kisayansi ilikuwa ya busara. VVU huharibu mapema sana seli za CD4 zilizo katika utumbo, ukuta huvuja, bidhaa za bakteria huingia katika damu, na kinga hubaki imewashwa usiku na mchana hadi ichakae. Iwapo bakteria rafiki wangeuziba ukuta, huenda mzunguko huo ungekatika.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha ulinganisho wa watu 68 waliokunywa mtindi huo na 82 ambao hawakuunywa. Waliokunywa walionekana kupandisha CD4 zaidi. Habari zilienea upesi, na ni rahisi kuelewa sababu. Lakini ulinganisho wa aina hiyo una tundu kubwa: anayeweza kufika kila siku kunywa mtindi huenda ana nguvu zaidi, anakula vizuri zaidi, au anafuatilia matibabu yake kwa makini zaidi.

Kwa hiyo lilifanyika jaribio la kura, ambamo bahati pekee huamua nani apate bakteria na nani apate kidonge kitupu. Wanawake 65 wanaoishi na VVU walifuatiliwa kwa wiki 25. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: bakteria hawakuleta tofauti ya maana katika CD4 wala katika vipimo vingine vya kinga vilivyoangaliwa. Hawakuleta madhara pia.

Mtindi wa Fiti haukuwa bure kwa sababu hiyo. Ulileta protini, kalisi na nishati kwa watu waliodhoofika, na kipato kwa wanawake walioutengeneza. Ila mgonjwa anayeacha ARV kwa kuamini kwamba mtindi utafanya kazi hiyo anabadilisha dawa iliyothibitishwa kwa matumaini ambayo jaribio la kura liliyapima na kutoyaona.

Wiki mbili Kilimanjaro

Ushahidi ulio mzito zaidi kwa sasa kutoka Afrika Mashariki haukutumia kopo lolote. Mwezi Aprili 2025, watafiti wa Tanzania na Uholanzi walichapisha katika jarida la Nature Medicine jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Kikundi kimoja kilikuwa cha watu wa vijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Kwa wiki mbili walipewa mlo wa aina ya Magharibi, wenye vyakula kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Kikundi cha pili kilikuwa cha watu wa mjini, ambao walifanya kinyume chake na kurudi kwenye mlo wa asili. Cha tatu kiliongezewa mbege kwa wiki moja, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga. Kikundi kidogo cha nne hakikubadilisha chochote.

Damu ya waliohamia mlo wa Magharibi ilionesha ongezeko la protini za mchochota, na seli zao za kinga ziliitikia vijidudu kwa udhaifu zaidi zilipochokozwa kwenye maabara. Jambo hilo linastahili kusomwa tena: kinga yao ilikuwa na joto zaidi na wakati huo huo uwezo mdogo. Waliorudi kwenye mlo wa asili, na hata wale wa mbege, alama zao za mchochota zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Walioshiriki walikuwa wanaume tu, na muda ulikuwa mfupi. Mbege ni pombe, na hakuna daktari anayepaswa kumwandikia mgonjwa pombe kwa ajili ya utumbo wake. Kilichowavutia watafiti ni uchachushaji, pamoja na ndizi na ulezi vilivyomo. Pia chakula huja na mambo mengi kwa pamoja, na si rahisi kumtenga bakteria mmoja na kumsifu peke yake.

Bado jaribio hilo linaoana na lile lililochapishwa mwaka 2015 na timu ya Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika walibadilishana milo kwa wiki mbili na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini. Wamarekani walipotoka kwenye takriban gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, butirati katika utumbo wao iliongezeka kama mara mbili na nusu, na mchochota ukapungua. Waafrika Kusini walikwenda upande wa pili. Burkitt alifariki mwaka 1993 bila kuiona takwimu hiyo. Kile alichokipima kwa mizani, hawa walikipima kwa kemia.

Pakiti ya gramu moja

Uganda ina mfano wake. Tangu mwaka 2012 taasisi ya Yoba for Life, iliyoanzishwa na wanasayansi wa Uholanzi, imekuwa ikisambaza kimea kikavu chenye nakala ya bakteria GG, ambaye hati yake miliki ilikuwa imeisha muda. Ni mantiki ile ile ya dawa za asili moja zinazouzwa kwa bei nafuu baada ya haki ya kampuni kumalizika. Pakiti ya gramu moja hutosha kugandisha lita 100 za maziwa, kwa hiyo anayenufaika zaidi ni mzalishaji mdogo mwenye sufuria na kuni, pasipo kiwanda.

Kusini-magharibi mwa Uganda, watoto zaidi ya 1,000 wa umri wa miaka mitatu hadi sita walifuatiliwa shuleni, baadhi wakinywa mtindi huo na wengine maziwa ya kawaida. Waliokunywa mtindi walionekana kupata kwa uchache zaidi mafua na mba za kichwani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Watoto hawakugawanywa kwa kura, hivyo yasomwe kwa tahadhari ile ile iliyohitajika Mwanza.

La kuvutia zaidi kwa West Nile pengine ni kwete. Kinywaji hiki cha mahindi na ulezi kinafahamika vizuri katika masoko ya eneo hilo, na watafiti wamekwisha kukichachusha kwa kimea hicho hicho bila maziwa. Walibaini faida ambayo hawahusishi na kinga moja kwa moja: sumu ya aflatoksini iliyokuwemo katika mahindi ilipungua sana katika kinywaji kilichokamilika. Aflatoksini hudhuru ini na huhofiwa kudhoofisha kinga ya watoto. Hata hivyo kuchachusha hakugeuzi mahindi yenye ukungu kuwa salama. Mahindi ya namna hiyo hutupwa.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni iwapo kuchemsha huharibu kila kitu. Bakteria hai hufa, naam. Asidi walizokwisha kuzitoa katika uji uliochachushwa hubaki kwa sehemu kubwa, ndiyo maana uji huo huwa mchungu hata baada ya kupikwa, na ndiyo maana huchelewa kuharibika. Kwa upande wa butirati, suala hilo halina uzito, kwa sababu karibu yote hutengenezwa tumboni na bakteria ambao mtu anao tayari. Wanachosubiri ni kuletewa nyuzinyuzi.

Kabla ya kununua

Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama hubeba sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zimekusudiwa bakteria, hasa wa jamii ya Bifidobacterium, na ni kiungo kigumu cha tatu kwa wingi katika maziwa hayo baada ya laktosi na mafuta. Katika pwani ya Kenya, kaunti ya Kwale, tafiti zilizochapishwa mwaka 2015 na 2017 zilionesha kwamba watoto waliopewa unga wa lishe wenye madini ya chuma walipata ongezeko la bakteria wabaya na dalili za mchochota wa utumbo. Ulipoongezwa unga wa sukari inayofanana na ile inayowalisha bakteria rafiki, madhara hayo yalipungua. Chuma kinahitajika kupambana na upungufu wa damu. Suala lilikuwa kitolewe pamoja na nini.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni habari nyingine. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya kuwapa watoto njiti bidhaa za bakteria hai hospitalini, baada ya mmoja kufariki kwa maambukizi yaliyosababishwa na bakteria wa bidhaa aliyopewa. Watu wazima ambao kinga yao imeporomoka sana, au walio na mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa wa damu, wanapaswa pia kumuuliza daktari kwanza.

Kwa wengine, hatari kubwa zaidi ni ya mfukoni. Bidhaa inayostahili kufikiriwa hutaja jina kamili la bakteria pamoja na alama ya nasaba yake, kama vile GG au GR-1, idadi ya bakteria walio hai hadi mwisho wa muda wa matumizi, na jinsi ya kuihifadhi. Kopo lililokaa miezi kadhaa kwenye rafu yenye joto la Arua huenda limebaki na bakteria wachache mno. Kiasi kile kile cha fedha, sokoni, hununua kunde, ulezi na fungu la mboga.